Kwa Njia ya Gairo

Abiria wengi huipita barabara ya Morogoro–Dodoma wakiwa wamelala. Basi likishaiacha Msamvu pazia huvutwa, kichwa huegemezwa kiooni, na anayezinduka huzinduliwa na matuta ya Dumila au na sauti ya konda akitangaza dakika tano za kuchimba dawa. Barabara ya Iringa ina tembo wa Mikumi na kona za Kitonga, kwa hiyo watu huifuata kwa macho, simu mkononi. Ya Dar es Salaam ina foleni, na foleni haimwachi mtu alale. Hii ya tatu, yenye kilomita zipatazo 260, imeachiwa watumishi wa umma, wabunge, wanafunzi wa vyuo, na madereva wa malori ya Rwanda na Kongo ambao wao hawana ruhusa ya kusinzia.

Julai iliyopita niliipita mchana kweupe, tena kwa kuungaunga: Kosta, Noah, bodaboda, basi dogo, chochote kilichokuwa na nafasi. Sikuwa na haraka. Mwenye haraka siku hizi anapanda treni ya SGR upande wa Kihonda. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tangu hapo nimekuwa najiuliza: miji iliyozaliwa na lami itakula nini, abiria wakihamia relini?

Ramani inasema barabara hii inaanzia Msamvu. Mimi naona inaanzia juu zaidi, kwenye milima ya Uluguru. Alfajiri, mawingu yakiwa bado yamekifunika kilele cha Lupanga, watu wanateremka kutoka Choma na Morningside na vitongoji vya juu ya mji, ndizi begani, mboga kichwani, wakija Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kutoka Mgeta, upande wa magharibi, magari yanakuja yamelemewa na kabichi, karoti na njegere zilizolimwa kwenye ngazi za udongo zilizochongwa kwa jembe la mkono. Kutoka Kinole na Matombo, upande unaotazama bahari, zinakuja ndizi, mdalasini na pilipili manga. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Lupanga iko mita 2,138, na huko kusini Kimhandu inapita 2,600. Mawingu ya Bahari ya Hindi yanapanda ukuta huo na kuacha maji yake hapo. Ruvu inazaliwa huko, na Dar es Salaam inaishi kwa Ruvu. Dodoma haina bahati hiyo, inategemea visima vya Makutupora. Maji ya Uluguru hayafiki Dodoma kwa bomba. Yanafika yakiwa kabichi.

Nilimkuta mama mmoja akipanga kabichi zake kwenye tenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unapeleka Dar au Dodoma?"

Nikamwambia mimi ni msafiri tu, sina mzigo. Akaonekana kunihurumia. Kwake Dar na Dodoma ni wateja wawili wenye tabia tofauti. "Dar wanachagua," alisema. "Wanataka kichwa kimoja kimoja, kizuri, kisicho na tundu. Dodoma wanachukua kama lilivyo tenga."

Waluguru wana historia ndefu na watu wanaokuja kuwapangia namna ya kulima. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima, ikiamini kwamba udongo unakwisha kwa sababu wenyeji hawajui kazi. Kwenye miteremko mingi matuta yale yalifukua udongo mbovu na kuuzika mzuri. Mwaka 1955 watu wakakataa. Kukawa na vurugu Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe haukuchukua muda ukatupwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata wanachama wengi mlimani. Nalitaja hili mapema kwa sababu njia nzima ya kwenda Dodoma nilikuwa nakutana nalo katika sura nyingine: mpango mkubwa unaoshuka kutoka juu, na kando yake kitu kidogo kisichopangwa na mtu ambacho ndicho kinachobaki.

Msamvu ni mahali pa kupita kwa haraka kama unaweza. Wapiga debe wanakuvuta begi kabla hujasema unakwenda wapi, na nikiwa pale siwezi kuacha kukumbuka Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka jirani na stendi, watu wakaenda kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Morogoro ina deni zito na barabara. Mwanamuziki Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe akamfuata Januari 1979, naye kwa ajali, huko Mombasa. Mji kasoro bahari, wenyeji wanajisifu, na kweli hauna kingine ulichokosa, ila sauti zake mbili kubwa zimeliwa na magurudumu.

Kosta iliondoka imejaa, ikaongeza abiria Kihonda, ikaongeza tena Mkundi. Konda alikuwa kijana mwembamba aliyewaita wanawake wote "mama mkwe" na hakuna aliyekasirika. Kushoto kwetu milima ilianza kurudi nyuma, na hapo ndipo ukiwa macho unaona jambo ambalo aliyelala halijui: barabara inaachana na reli. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipita chini ya Uluguru, kwenye mji wenye ukuta wa mtawala Kisabengo ambao Stanley aliuona mwaka 1871, kisha ikafuata bonde la mto Mkondoa hadi Mpwapwa, ndipo ikaingia Ugogo. Wajerumani walipojenga reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907, nao wakafuata bonde lilelile: Kilosa, Gulwe, Dodoma. SGR imepita huko huko, ikitoboa mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Mto Mkondoa haujawahi kuwasamehe. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa reli ya zamani Kilosa na kuendelea, na hayakuwa ya kwanza.

Barabara peke yake ndiyo iliyokataa bonde. Ilikwenda kaskazini, ikauvuka Wami, ikapanda vilima vya Ukaguru hadi Gairo, kisha ikateremkia nyika ya Kongwa. Ndiyo maana Mpwapwa, iliyokuwa kituo mashuhuri cha misafara, cha wamisionari na cha Wajerumani, leo iko kando na inabidi uikusudie ndipo uifikie, wakati Gairo, Pandambili na Kibaigwa, ambazo msafara mkubwa haukuwa na sababu ya kuzijua, ziko midomoni mwa kila dereva. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ilibidi njia hii ya kaskazini iwe barabara kweli. Kampuni ya Brazil ndiyo iliyoitia lami, kwa mkopo wa Brazil, na deni lake likadumu vitabuni miaka mingi baada ya viraka vya kwanza kuonekana.

Kama kilomita 50 kutoka Morogoro uko Wami. Kabla ya daraja kuna kijiji kinachoitwa Wami Sokoine. Hapa, Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikufa kwa ajali akirudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma. Gari lililogongana na msafara wake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Wazee waliokuwa hai siku ile bado watakuambia walikuwa wapi redio ilipokatiza matangazo. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro miezi michache baadaye kikapewa jina lake. Katika Kosta yetu, tulipolipita eneo lile, mzee aliyekuwa kiti cha mbele alivua kofia, akaivaa tena. Kijana aliyekuwa pembeni yangu hakuinua macho kwenye simu, na simlaumu. Amezaliwa miaka ishirini baadaye.

Sokoine alikumbukwa na wengi kwa vita yake ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Tukumbuke ilivyokuwa: nafaka ilikuwa biashara ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na mtu binafsi aliyebeba mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali alikuwa mhalifu. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya kumkamata mtu mwenye magunia. Shika hilo mkononi mpaka tufike Kibaigwa.

Mkimbizi wa Afrika Kusini alifuata nini huku Dakawa, kijiji cha kando ya Wami? Jibu lake liko hapo hapo barabarani. ANC walifanya Morogoro kuwa makao yao tangu miaka ya 1960, na mkutano wao wa Aprili 1969, uliofungua milango ya chama chao cha uhamishoni kwa watu wa rangi zote, unaitwa hadi leo Mkutano wa Morogoro. Baada ya machafuko ya Soweto ya 1976 vijana walimiminika kutoka kusini bila shule wala wazazi, na Tanzania ikawapa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, ukingoni mwa mji. Chuo walichokifungua mwaka 1978 kilikuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Mazimbu ilipojaa, Dakawa ikafunguliwa mwaka 1982. Walijenga wenyewe: nyumba, karakana, kiwanda cha nguo, hospitali. Julai 1992 wakakabidhi kila kitu kwa Tanzania na kwenda kwao. Mazimbu leo ni kampasi ya SUA, chuo kile chenye jina la Sokoine. Kwa maoni yangu huo ndio mpango mkubwa pekee kwenye njia hii ambao waliouanzisha waliumaliza kwa heshima, wakafunga mlango na kukabidhi ufunguo. Pengine ni kwa sababu tangu siku ya kwanza walijua wanaondoka.

Nilishuka Dakawa. Wakati wa Julai mpunga umeshavunwa na nusu ya kijiji inaanika. Maturubai ya bluu yametandazwa kila penye nafasi, kuku wanafukuzwa, mashine za kukoboa zinanguruma, na vumbi la pumba linakaa kwenye nyusi za kila mtu. Maji ya Wami ndiyo yanayolisha skimu ya umwagiliaji ya hapa, yenye hekta zipatazo 2,000. Kila taifa limewahi kuweka mkono Dakawa: shamba la shirika la serikali la NAFCO, kituo cha utafiti cha Cholima ambacho jina lake limetoka Korea ya Kaskazini, kituo cha mafunzo cha Wachina kilichofunguliwa mwaka 2011. Mkulima niliyekaa naye kivulini hakuvitaja. Alichotaja ni mbegu. "SARO Tano," alisema, akichota punje kiganjani. Jina lake la kitaalamu ni TXD 306, na hiyo D ni ya Dakawa yenyewe, kwa hiyo ukikuta mkulima wa Ifakara au Mbarali anaisifu SARO 5, ujue anasifu kazi iliyofanyika hapa kandokando ya barabara unayoilalia. Nilimuuliza mchele wake unaenda wapi. "Dodoma," alisema. "Ukifika kule unabatizwa, unaitwa wa Mbeya." Hakuwa na kinyongo. Bei ya ubatizo, alinieleza, anaila mwenye duka, lakini gunia limeuzwa.

Kati ya Dakawa na Dumila nchi ni tambarare na mito inakatiza, na hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini kila masika mhandisi wa TANROADS wa Morogoro halali vizuri. Januari 22, 2014 mto Mkundi ulifurika Magole, ukavunja kingo na kuifuta barabara kwenye daraja. Magari yalipanga foleni pande zote mbili, maelfu ya watu wa Kilosa na Mvomero wakabaki bila nyumba, na wanajeshi wakaja kusaidia kurudisha njia. Kwa siku kadhaa makao makuu ya nchi yalikatwa na bandari yake, kwa sababu ya mto ambao kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Mama lishe wa Dumila aliyenipa wali na mlenda aliikumbuka kwa namna yake. "Tulipika usiku na mchana," alisema. "Watu walikuwa na hela, hawana pa kwenda." Kisha akanyamaza kidogo na kuongeza kwamba ndugu yake wa Magole alipoteza mbuzi wote.

Dumila ni njia panda: kushoto Kilosa, nyuma kidogo kulia Turiani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mbele Gairo. Nyanya, bamia, mkaa, ndizi. Nikapanda Noah iliyokuwa na watu wengi kuliko viti, mtoto wa mtu akiwa mapajani mwangu, na tukaanza kupanda.

Hapa barabara inabadilika tabia. Injini inabadili sauti, malori yanatambaa kwa gia ndogo, moshi mweusi unaingia madirishani. Tandiboi mmoja alikuwa anatembea kwa miguu kando ya lori lao akiwa na kigogo mkononi, tayari kulizuia tairi kama gia ingeteleza. Vilima vya Ukaguru ni ndugu wa Uluguru, vyote ni vya Tao la Mashariki, ila huku msitu umebaki vileleni tu na miteremko ni mashamba. Wakaguru nao, kama Waluguru, hufuata ukoo wa mama. Abiria mwenzangu, mwalimu wa Berega, alinieleza kwa kirefu jinsi jambo hilo linavyotatiza kesi za ardhi siku hizi, na ningemsikiliza zaidi kama mtoto niliyempakata hangeamua kutapika.

Gairo ni baridi. Julai upepo unapita katikati ya mji kana kwamba unadai kitu, na wauza viazi wamevaa makoti mazito ya mitumba. Viazi vitamu vya Gairo vinajulikana Dar nzima, na hapa unaviona vimepangwa mafungu barabarani kwa mamia ya mita. Gairo ilipata wilaya yake mwaka 2012, ikajitenga na Kilosa, na ofisi zimejengwa, lakini uchumi wa mji bado uko kwenye ukingo wa lami. Ndipo nilipompelekea mama mmoja swali langu la treni.

"Mabasi ya mchana yamepungua, ndiyo," alisema. "Wenye suti wamehamia kwenye treni. Lakini kaka, wenye suti walikuwa wateja gani? Anafungua kioo, anauliza bei, anafunga kioo."

Akaninyooshea kidole upande wa pili, kwenye fuso iliyokuwa inapakiwa. Vijana walikuwa wanaongeza viazi juu ya mdomo wa gunia, wakizungushia wavu wa kamba mpaka gunia likapata kilemba kirefu karibu sawa na gunia lenyewe. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, kila waziri wa kilimo aliyewahi kupita hapa ameikemea, na yule mama alisema kwa utulivu kabisa kwamba tajiri wa Dar asipopewa lumbesa anaendesha gari lake hadi kijiji kinachofuata. Mkulima anauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Sipendi kusikia watu wakiiita hali hii soko huria, kwani aliye huru hapo ni mwenye gari tu. Lakini ni kweli pia kwamba alichonijibu mama yule ndicho jibu la swali langu: Gairo haikuwa inaishi kwa abiria. Inaishi kwa malori, na SGR haitashuka kuja kuchukua viazi Gairo. Reli iko bondeni, mbali kusini, nyuma ya milima.

Kutoka Gairo ni kuteremka hadi nchi kavu. Mibuyu inaanza, miiba inaongezeka, udongo unakuwa mwekundu, na makorongo yanaonyesha mahali maji yalipopita mara moja kwa mwaka. Uluguru ya mashariki hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma hupata kama 570, na hizo huja zote kwa pamoja halafu hukoma.

Kibaigwa nilikaa kutwa nzima na ningekaa zaidi. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Kongwa ambao bila lami ungekuwa kijiji cha wafugaji. Wanaliita soko lao Soko la Kimataifa la Mahindi, na ukisoma kibao unaweza kucheka mpaka uingie ndani. Mahindi yanatoka Kiteto, Kilindi, Mvomero, na vijiji vya Kongwa vyenyewe. Yanamwagwa kwenye maturubai, yanachekechwa, wanawake wanaondoa takataka kwa mikono, wapagazi wanabeba gunia la kilo 100 mgongoni wakikimbia kwa hatua fupi fupi, na washonaji wanafunga midomo ya magunia kwa sindano ndefu bila kuangalia. Dalali anasimama katikati ya hayo yote akiwa na simu mbili. Alizeti nayo ipo, na mafuta yake yanauzwa kwenye madumu ya njano hadi barabarani. Wanunuzi wanatoka Dar, Arusha, Kenya.

Dalali niliyepata bahati ya kuongea naye alikuwa mtu wa makamo, mpole kuliko kazi yake. Nilimuuliza soko hili alilianzisha nani. Alifikiri, kisha akasema hakuna. Watu walikuwa wanauza debe debe barabarani, malori yakazoea kusimama, wengine wakaja na gunia, wengine wakajenga ghala. Halmashauri ilikuja baadaye na uzio, ushuru na mizani. Kumbuka sasa vile vizuizi vya 1983. Serikali ilianza kulegeza biashara ya nafaka mwaka 1984, na ilipofika mwishoni mwa muongo ule vibali vya kusafirisha vilikuwa vimefutwa. Mahindi yaliyokuwa magendo yakawa mzigo wa kawaida, na mahali ambapo barabara ya Kiteto inakutana na lami pakawa mji. Sokoine hakuishi kuliona hilo. Sijui angelisema nini kumhusu dalali wangu mpole, ila nadhani angetaka kuikagua mizani yake.

Ulanguzi wa jana na biashara ya leo vinafanana kwa kila kitu isipokuwa karatasi.

Kuna sababu nimeitaja Kibaigwa, soko lisilopangwa na mtu, kabla ya mpango mkubwa wa Kongwa mjini, ambako nilikwenda kwa bodaboda kutoka Mbande, nikila vumbi. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa haina mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha hapa mradi wa karanga. Ripoti ya 1946 iliyouanzisha iliandikwa baada ya wiki chache za kuzunguka Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa kwa ndege. Walitaka ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Walileta matrekta, yakakwama kwenye mibuyu na mizizi ya vichaka. Wakageuza vifaru vya kivita aina ya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick, nayo yakashindwa. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa unalainika, ukikauka unakuwa tofali, na karanga huzaa chini ya udongo: ilibidi waivunje ardhi ili wazitoe. Na mvua ilikuwa ya Ugogo, siyo ya kwenye vitabu. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36. Wagogo, ambao walikuwa wakipanda mtama na uwele kwa sababu wanaijua mvua yao, hawakuwa wameulizwa.

Majengo yaliyobaki yalipata wageni wengine. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA. Samora Machel alifundisha wapiganaji hapa kabla dunia haijamjua. Mzee mmoja wa Kigogo aliyenionyesha njia ya kwenda kwenye makaburi yao nilimwamkia "Mbukwenyi," nikiwa sina neno la pili la lugha yake, naye akanijibu kwa sentensi ndefu iliyojaa furaha ambayo niliipokea kwa kutikisa kichwa. Kisha kwa Kiswahili akaniambia kwamba utotoni walikuwa wakicheza mpira na vijana wa kambi na kwamba walikuwa wanapiga chenga vibaya sana, wageni wale. Nilimwuliza kuhusu karanga. Alinielekeza kwa fimbo kwenye shamba la nyuma ya nyumba yake. Zilikuwa zimeshavunwa. Zinastawi vizuri tu, alisema, ukipanda kidogo na ukimwachia Mungu mwaka mmoja katika mitatu.

Kutoka Mbande hadi Dodoma sina mengi ya kusema. Chalinze ya huku, ambayo siyo ile ya Pwani, inanuka nyama choma kwa umbali. Chamwino ina Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023, nyuma ya ua mrefu, jirani na kijiji ambako Nyerere alifyatua matofali na wanakijiji. Mtumba ni mji wa serikali, wizara zimepangwa kwa mistari iliyonyooka na miti bado michanga. Nilitaka kuwa na maoni kuhusu Mtumba lakini ilikuwa Jumapili na hapakuwa na mtu.

Nje kidogo ya jiji, upande wa Ihumwa, malori yalikuwa yameegeshwa mamia kwa mamia. Barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112, ilikuwa inajengwa ili malori haya yasiingie mjini kabisa. Niliagiza chai na chapati kwenye kibanda, na dereva wa semi aliyekuwa meza moja nami akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka Morogoro, nimekuja taratibu nikishuka kila mahali, na hapa ndipo safari yangu inapoishia. Yeye alikuwa anakwenda Bukavu, kwa Singida, Nzega na Rusumo.

"Moro–Dom?" alisema. "Bosi, hapo injini ndiyo imepata joto."

Kisha akawa wa kazi. Kurudi kutoka Kongo anarudi tupu, alisema, na mafuta ni yale yale. Kwa hiyo kila safari anatafuta mzigo wa kuteremka nao Dar kwa bei yoyote itakayolipia dizeli, na mahindi ya Kibaigwa ndiyo mzigo wenyewe, kwa sababu hayahitaji makontena wala kuingia njia ya pembeni: unasimama, unapakiwa, unaondoka. Madereva wa aina yake ndio waliolijenga lile soko kuliko uzio wa halmashauri. Aliponisikia nimetoka Kibaigwa alitaka kujua gunia linakwendaje na kama mahindi ya Kiteto yameshaanza kuingia. Nikampa bei niliyoisikia na namba ya dalali wangu mpole. Aliiandika kwa kalamu nyuma ya karatasi za mzigo.

"Huyu anapima au anajaza kilemba?"

Nikamwambia mizani nimeiona kwa macho yangu.

"Mizani wanayo," alisema, akikunja karatasi. "Na kilemba wanacho pia."